Mama Atasimama Mara Moja

Mimi nikiona ndovu, huyo ndovu haji peke yake. Akishuka mmoja kwa mashamba yetu hapa Sagalla, mdomo wangu umeshaona arubaini, na yule wa mbele masikio yake yanafunika kanisa pamoja na choo cha kanisa. Watu wamenizoea. Nikipiga kelele "Wametokea!", jirani anamaliza chai yake kwanza.

Kwa hivyo maneno yangu yalikuwa yamekwisha nguvu. Wametokea, wameonekana, wamejitokeza, wamechomoza, wamezuka, yote nimeyatumia: kwa ndovu, kwa bauza, lile lori la maji, na siku moja kwa mvua. Ile ya mvua kina mama walitoa ndoo na masufuria nje, hata vikombe. Mpaka leo hawajanisamehe.

Halafu kaka yangu akafa. Alikuwa mkubwa wangu, akiishi Kaloleni kule Voi, fundi wa milango. Aliugua muda mfupi tu. Hapo sina la kuongeza.

Siku ya kumleta nyumbani, mama yetu alikaa kwa kiti cha plastiki chini ya hema. Magoti yake yalimchoka zamani. Akasema, "Huyu nilimzaa mimi. Sitampokea nimekaa kama mgeni, nitasimama. Lakini nguvu niliyo nayo ni ya kusimama mara moja. Mtu asiniinue bure."

Sasa, pale uani barabara haionekani. Lazima mtu apande lile jiwe la nyuma ya zizi. Kutoka hapo unaona Voi yote, reli, na vumbi la kila gari inayopanda mlima. Hilo jiwe nalijua kuliko mijusi. Watu wakanitazama, halafu wakatazama chini.

"Huyu?" binamu yangu akasema. "Huyu ataona magari mia na ndege mbili."

Binti wa marehemu, ambaye ni mwalimu, akanivuta kando. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Baba mdogo, utaenda wewe. Lakini usiite imetokea, wala imeonekana. Maneno yako bibi anayajua yote."

"Sasa niite nini, mwalimu? Nipige filimbi?"

"Sema appear."

"Hiyo ndiyo nini?"

"Ni kutokea, kwa Kizungu. Hilo hujawahi kumdanganya mtu nalo."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Na likinikwama kooni? Wazungu hawana lingine?"

"Wako na emerge, wako na show up. Wewe shika hilo moja."

Akaenda kumwinamia mama. "Bibi, ukisikia appear, ndio usimame. Akiita lingine, kaa tu." Mama, ambaye shule aliiona kwa nje kama mimi, akalirudia polepole mdomoni mpaka likakaa.

Nikapanda. Vumbi la kwanza lilikuwa lori la mchanga. La pili, bodaboda amebeba sofa, abiria amekaa juu ya sofa. Mdomo uliniwasha kama umepakwa upupu. Kiu ya Sagalla naijua, ile ambayo hata nyoka hutembea na chupa ya maji, lakini kunyamaza kama siku ile sijawahi.

"Wee! Bado?" binamu akaita kutoka chini.

"Bado."

Halafu nikaiona. Nyeupe, imefungwa kitambaa chekundu cha msiba mbele, magari mengine yakiifuata pole pole. Ikaingia kona, ikapotea. Ningeweza kuita. Nikangoja. Ikatoka upande wa pili, na hapo haikuwa na shaka tena.

Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi, lakini halikutoka. Maisha yangu yote nimeita vitu visivyokuja, na watu wakacheka, tukaenda kulala. Hiki kilikuwa kinakuja. Nikisema tu, mama atasimama, na kaka yangu atakuwa amekufa kweli. Nisiposema, gari itamkuta amekaa.

"Appear," nikasema.

Lilitoka dogo, kama la mtoto. Nikadhani hawakusikia. Nikavuta pumzi niite tena, halafu nikasikia kiti cha plastiki kikikwaruza chini, na kina mama wakaanza kuimba.

Niliposhuka mama alikuwa amesimama. Mkono mmoja ulishika mti wa hema, mwingine aliuweka mgongoni ili mtu yeyote asije akaushika. Sanduku likapita mbele yake, akaligusa kwa kiganja. Akalisindikiza kwa macho mpaka likawekwa chini.

Kisha akanigeukia. "Ulichelewa kidogo," akasema.

"Nilikuwa nahakikisha, mama."

"Wewe?" Akanitazama, nikaona kama anataka kucheka. "Haya. Nikalishe sasa."

Akanishika shingo, nikamshusha taratibu. Alikuwa mzito, mzito sana, na hiyo siitii chumvi.