Sahihi za Maftah

Msinisifu kwa shahada ile. Wajukuu wangu wanapenda kuionyesha kwa wageni, "Bibi ni mhandisi, alisoma zamani za utawala wa askari," nami nawaambia acheni upuuzi, pikeni chai. Leo nitawasimulia habari za Bi Mahfudha wa Kyebando, mama yake Maftah, ndipo mtajua kwa nini siitaki ukutani.

Bi Mahfudha alikuwa mjane, mjukuu wa watu waliopanda huku kutoka pwani na biashara zao. Alisomesha watoto Kurani barazani kwake. Mkali huyo! Fimbo yake ilifika safu ya nyuma bila yeye kuinuka. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Maftah, aliyesoma nami uhandisi chuo kikuu, mwaka wa tatu. Mimi Rukiah, Mnubi wa Bukoto, nilikuwa msichana peke yangu darasani, na Maftah ndiye aliyeniachia nafasi ya mbele bila maneno maneno.

Alasiri moja, mwaka wa 1976, alikwenda soko la Nakasero kumnunulia mama yake vitunguu. Watu wawili wakamshika mkono, wakamwingiza garini. Muuza vitunguu aliona, kisha akasema hakuona. Ndivyo tulivyoishi.

Sasa sheria ya chuo. Asiyehudhuria robo tatu ya masomo hafanyi mtihani; asiyefanya mtihani hana maendeleo; asiye na maendeleo anaondolewa. Ukikosa, ulete karatasi, ya ugonjwa au ya msiba. Nani angethubutu kumwandikia Maftah karatasi? Tukasema atarudi Jumatatu, asikute nafasi yake imekwenda. Yeye alitia sahihi kwa herufi za Kiarabu, kama mama yake alivyomfundisha, na katika darasa zima aliyebaki aliyepitia madrasa ni mimi. Rejesta ilipopita nikamtilia. Wiki ya kwanza niliziiga herufi moja moja. Wiki ya sita niliandika bila hata kufikiri.

Wakati huo Bi Mahfudha alikuwa amezunguka vituo vyote vya polisi, kote anafukuzwa. Nikampeleka kwa mjomba wangu Abudu, sajini kambini. Kwa kuwa Wanubi wengi walikuwa jeshini, watu walidhani kila Mnubi ana ufunguo wa gereza. Wapi! Mjomba mwenyewe aliogopa kivuli chake. Lakini alimwonea huruma.

"Dada, lete karatasi ya chuo kwamba mtoto hajaonekana," alimwambia. "Nikiwa nayo nitapata pa kuanzia. Bila karatasi, kuuliza tu ni kosa. Na ufanye haraka, Ijumaa nahamishiwa Moroto, mbali huko kaskazini."

Jumatatu Bi Mahfudha akaenda kwa karani wa chuo, Bwana Otim. Mimi nilijua habari ya zile sahihi, nikanyamaza, nikijidanganya kwamba hakuna atakayefungua rejesta. Otim akaifungua. Hakuwa mtu mbaya, maskini. Akamwambia, "Mama, mwanao hajapotea. Jumanne iliyopita alikuwa darasani. Tazama."

Bi Mahfudha akaziona sahihi kumi na mbili, kwa herufi alizomfundisha yeye. Banange, jamani! Akaibusu rejesta mbele ya watu. Otim akampa barua yenye mhuri: mwanafunzi Maftah anahudhuria, na maendeleo yake ni ya kuridhisha.

Kesho yake nikamkuta mama huyo nje ya ukumbi wetu wa masomo, kavaa kanga mpya, mkononi bakuli la kaimati. Sukari wakati ule ilipatikana kwa magendo tu, naye alikuwa amemaliza yote aliyokuwa nayo.

"Rukiah mwanangu, kumbe mtoto ananikimbia! Ana nini, ameoa kwa siri? Mwambie simpigi."

Alikuwa anacheka. Sijapata kuona mtu akicheka vile, na Mungu anijalie nisione tena.

"Bi Mahfudha," nikasema, "ni mimi niliyekuwa nikiandika."

Hakulia. Aliketi kwenye nyasi, akaliweka bakuli kando, akawa analifunika kwa ncha ya kanga, analifunua, analifunika. Mwisho akasema, "Basi nenda ukawaambie, mwanangu, waniandikie ile karatasi. Leo Jumanne, siku bado zipo."

"Kesho asubuhi, Bi. Wallahi."

Wallahi! Kwa ulimi wangu huu. Kutia sahihi ya mwenzako adhabu yake ilikuwa kufukuzwa siku hiyo hiyo, na kwetu mimi ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu. Jumatano nikaamka, nikavaa, nikafika hadi geti la chuo, nikarudi. Jioni nikaenda Kyebando, nikamwambia nimewaeleza, wamekataa. Akanitazama kidogo.

"Haya, mwanangu. Umejitahidi."

Akanipa chai isiyo na sukari, nikainywa. Ijumaa mjomba akaenda Moroto.

Niliendelea kumtilia Maftah sahihi, maana ningeacha vipi? Robo tatu ikatimia. Siku ya mtihani kiti chake kiliwekewa namba, na hakuna aliyekikalia. Baada ya mwezi barua ya pili ikafika Kyebando: maendeleo hayakuridhisha, jina limeondolewa. Mimi nilifaulu.

Maftah hakurudi, na kaburi hatulijui. Mama yake alikataa asomewe hitima kama maiti. Kila Ramadhani nilimpelekea sukari, akanipokea, akaniita mwanangu. Laiti angenitukana hata mara moja!

Miaka mingi baadaye aliugua, nikawa nakwenda kumkanda miguu. Siku moja nikajikaza. "Bi, ile Jumatano..."

"Nyamaza," akasema, akanishika mkono. "Jumatano ile nilikaa kwenye ngazi za ofisi ya karani tangu saa mbili asubuhi mpaka walipofunga. Nilikuja ili usiingie peke yako."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikalia kama mtoto, nikamwuliza kwa nini basi hakuingia mwenyewe akanitaja. Kunitaja tu kungetosha, wangemwandikia ile karatasi.

"Nilisimama mara mbili," akasema. "Kisha nikawaza, watakuondoa na wewe. Watoto wawili kwa karatasi moja? Nikaketi."