Maneno Matano ya Mwalimu Elkana

Harufu ya fito za mikoko zikiwa bado na tope la hori naijua hata nikiwa usingizini. Ni harufu ya chumvi na ya kitu kilichochachuka, na kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya shule. Kila Ijumaa sisi watoto wa Dabaso tulitumwa kwenye hori la Mida tukakate fito tutakazochapiwa wiki inayofuata. Uzikate ndefu, zilizonyooka, uzimenye ganda, kisha uzilaze ndani ya pipa la maji ya chumvi nyuma ya ofisi, zisikauke zikavunjika upesi. Tulizichagua wenyewe. Aliyeleta ufito mwembamba alionjeshwa huo huo, halafu akarudishwa akalete mwingine. Wenzangu tuliosoma pamoja wakikutana hucheka, eti tulichapwa tukanyooka. Mimi sicheki. Sikio langu la kushoto halisikii tangu nikiwa darasa la tano, na aliyeliua namjua kwa jina. Ni Mwalimu Elkana.

Alikuja kwetu kutoka bara kutufundisha Kiingereza, suruali imepigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Alipenda kusema kwamba Kiingereza ni lugha ya matajiri, kitu kimoja kina majina mengi, na anayejua jina moja tu ni maskini. Basi neno alilochagua kututajirisha nalo lilikuwa "beat", yaani kupiga. Liliandikwa ubaoni mwanzo wa muhula na halikufutwa. Kila asubuhi alimwita mmoja mbele, akamwinamisha juu ya meza, akaanza. Kila ufito ukitua, wewe unataja neno moja lenye maana hiyo hiyo, ukianza na hilo la ubaoni, kisha "hit", "strike", "thrash", "flog". Ukifikisha matano tofauti unakwenda kukaa. Ukirudia neno, au ukinyamaza, hesabu inaanza upya. Mtoto asiyeweza kuomba maji ya kunywa kwa Kiingereza aliweza kukutajia kupigwa kwa namna zake zote, na machozi hayajamdondoka. Huyo Elkana mwenyewe akipandwa na hasira alitutukana kwa Kiswahili, matusi ya stendi ya matrela kule Mariakani.

Maneno yale niliyajua. Niliyaandika mchangani kwa kidole, niliyasema kimya kimya njiani nikienda kisimani. Lakini nina kigugumizi, nilizaliwa nacho, na hilo la kwanza lenyewe linaanza na herufi inayonifunga midomo kama mtu aliyeishika kwa vidole. Ninaanza, midomo inagongana, pumzi inakwisha, na ufito mwingine umeshatua. Kwa Elkana kukwama na kutojua vilikuwa kitu kimoja. Na kiranja wetu Kahindi, mtoto wa jirani kabisa, aliyekula ugali nyumbani kwetu, alikuwa akipiga kelele kutoka nyuma: "Redio imekwama hiyo! Ipigeni kofi itasema!" Darasa zima linaangua kicheko. Nilikuwa nikirudi nyumbani natembea upande upande, sketi imegandia ngozini kwa damu, na mama ananiloweka ndani ya beseni la maji vuguvugu ili kitambaa kiachie ngozi.

Mama hakuwa na Kiingereza wala shule, lakini ulimi wangu alikuwa akiujua. Tukitwanga mahindi alikuwa ameshanizoesha: kila nikikwama kwenye neno, niliimbe kufuata mchi. "Usiliseme, Dama. Litwange." Na kweli, kinu kikianza kudunda, ulimi ulifunguka wenyewe, nikaimba mambo ambayo mchana kutwa nilishindwa kuyasema. Kwa hiyo nikayatia yale maneno matano kwenye kinu. Jioni nzima tulitwanga mimi na mama, yeye akiitikia bila kujua anachoitikia, mpaka yakawa wimbo mmoja mzuri, wa kuchezeka.

Asubuhi yake nilijitokeza mwenyewe. Sikungoja kuitwa. Nikainama, ufito wa kwanza ukatua, nami nikaimba. Yote matano, moja baada ya jingine, mguu wangu ukigonga sakafu mahali pa mchi. Sikukwama hata mara moja. Nakumbuka furaha ile, haki ya Mungu, furaha ya mtu aliyevuka mto. Kisha watoto wawili watatu wa mbele wakaanza kupiga makofi kufuata mguu wangu, wengine wakadakia, na darasa likawa kama uwanja wa ngoma. Elkana akauweka ufito chini. Nikadhani nimemaliza, nikainuka.

"Umetuletea ngoma darasani?" akauliza, taratibu kabisa. "Mimi ndiye wa kuchezewa?"

Nilifungua mdomo nimweleze kuwa si mchezo, kwamba hivyo ndivyo ninavyoweza. Midomo ikajifunga. Naye akanizaba kofi la kiganja kizima juu ya sikio, kisha la pili pale pale, na nilipoanguka akanifuata chini kwa kiatu. Nilisikia kitu kikipasuka ndani ya kichwa kama ganda la ukwaju linapokanyagwa. Baadaye ikaja sauti ya nyenje mmoja, na nyenje huyo hajanyamaza mpaka leo. Damu ilinishuka shingoni. Kahindi ndiye aliyetumwa kuleta mchanga wa kuifukia.

Na sasa jambo linalonichoma kuliko kofi. Kesho yake mama alinishika mkono, kwapani amebana kuku jike, tukaenda shule kuomba radhi. Ndivyo wazazi wetu walivyokuwa: mwalimu amekasirika, basi mtoto amekosa. Usaha ulishaanza kunitoka sikioni, naye mama anapiga goti mbele ya Elkana. "Mwalimu, mtoto ni wako. Mchape unavyotaka, mimi nibakizie macho tu." Wazazi wote walisema hivyo siku ya kuwaandikisha watoto. Waliomba macho. Masikio hakuna aliyeyataja. Mwalimu mkuu, Bwana Bakari, aliyesikia kila kitu upande wa pili wa ukuta, alilichungulia sikio langu kwa mbali. "Hawa watoto huogelea maji machafu hapo horini, Mama Dama. Mtie mafuta ya nazi ya moto." Elkana akampokea kuku. Shule nikaiacha muhula ule ule.

Leo nakaanga viazi karai hapa mtaani Barani. Kahindi ana tumbo na kofia ya uenyekiti, na mwaka jana alikuja kibandani kutaka mchango wa kumuaga Elkana anayestaafu. "Yule mzee ndiye aliyetupa Kizungu, Dama," akasema. Nikamgeuzia sikio bovu, nikaendelea kugeuza viazi. Bakari ameshakufa, na kaburini kwake sikwenda.

Juzi mjukuu wangu Neema, aliye darasa la tano, amekaa kando ya karai na kazi yake ya nyumbani: taja maneno yenye maana sawa na "beat". Mwiko ukaanza kugonga ukingo wa karai wenyewe. Nikamwimbia yote matano. "Hawe, bibi yangu! Kumbe unajua Kizungu!" akacheka, kisha akanisomea kitabuni kwamba neno hilo hilo ni kukoroga mayai, ni kushinda mpira, ni moyo unavyodunda. Hayo sikuyajua. Nikamuuliza, "Na asiyejua, mwalimu anamfanyaje?" Akateremsha macho. "Siku hizi hawachapi mbele ya watu, hawe. Wanakupeleka stoo." Akavuta sketi chini kufunika paja, lakini alama mimi nilishaziona.

Asubuhi yake sikuwasha jiko. Nilikwenda shuleni kwao mikono mitupu, bila kuku. Mwalimu ni kijana wa juzi, suruali imepigwa pasi, akaniamkia "Shikamoo mama" na kutazama saa. Nilitaka kumwambia kwamba mjukuu wangu nataka arudi nyumbani mzima, macho, masikio, mapaja, kila kitu. Midomo ikajifunga pale pale mwanzoni. Sikuimba. Nilisimama mlangoni mwa ofisi, nikashika fremu, nikaanza neno la kwanza, likakwama, nikalianza tena. Aliposogea apite, sikumpisha. Akangoja mpaka nikamaliza.