Vichwa Chini ya Daraja

Picha niliyopiga chini ya daraja la zamani la mto Ntahangwa, hakuna mtu mwingine Bujumbura ambaye angeipata, na nasema hivyo bila kuona haya. Niliondoka mtaani kwetu Kamenge kijana, mfuko mtupu. Nilipiga picha za pasipoti Kigoma, nikafagia studio ya watu Dar es Salaam, nikajilipia chuo mwenyewe mpaka nikapata diploma ya upigaji picha. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nimerudi na kamera nzuri na diploma hiyo, na nimeitundika studio kwangu mahali ambapo mteja akiketi lazima aione.

Siku ile nilishuka chini ya daraja kwa shughuli yangu. Mto ulikuwa umekula kingo zake kwa miaka, na sasa vibarua walikuwa wanapanga gabioni, yale masanduku ya waya yanayojazwa mawe, kuanzia majini kwenda juu, hadi ukuta wote wa daraja ufunikwe. Nilitaka kuupiga picha kabla haujapotea. Utotoni nilivuka daraja hilo karibu kila siku, na sikuwahi kujiuliza chini kuna nini.

Nilipoinua macho nilisahau hata kufungua begi. Boriti za chuma zilikuwa zimevaa kutu nene kama magome. Kwenye nyufa, chumvi nyeupe ilikuwa imetiririka ikaganda kama nta ya mshumaa. Juu ya mawe ya waashi wa zamani, ambayo bado yana alama za patasi, watu walikuwa wameandika juu ya maandishi ya watu wengine: majina ya wapenzi, mistari ya Biblia, Bismillahi ya mtu mwenye mkono mzuri sana, timu za mpira, onyo la Kifaransa kwamba ni marufuku kukojoa hapa, na chini yake jibu la Kirundi ambalo sitalirudia. Kila lori lilipopita juu, daraja lilinguruma na vumbi laini likatushukia mabegani. Nilivua kofia. Sijui kwa nini, lakini niliivua.

Ndani zaidi, kwenye kivuli, palikuwa na vichwa vya wanaume vilivyochorwa kwa rangi ya mafuta, kila kimoja na mtindo wake wa nywele, kama ukutani kwa kinyozi. Safu ya chini ilikuwa imeshafunikwa na mawe. Safu ya juu ilikuwa bado, na vibarua walikuwa wanaikaribia.

Nikiwa nafunga mguu wa kamera, mama mmoja aliteremka ukingoni ameshika kandambili mkononi. Alikuwa ametoka studio kwangu, majirani wakamwambia nimeenda mtoni. Aliketi kwenye gabioni, akapumua, akanieleza.

Alikuwa mjane. Mumewe alikuwa mchoraji wa vibao vya saluni. Mwezi uliokuwa unakuja familia ingeganduka, yaani ingeondoa matanga kabisa, na siku hiyo watu hula, hunywa, hutoa hotuba, na picha ya marehemu huwekwa mezani katikati ya maua. Picha yenyewe haikuwepo. Yule bwana aliyechora nyuso za watu maisha yake yote alikuwa anakimbia kamera, na kitambulisho chake kilifuliwa mfukoni mwa suruali mpaka uso ukawa weupe mtupu. Shemeji zake yule mama wakakata shauri: mdogo wa marehemu anafanana naye, basi avae koti, apigwe picha, iwekwe kwenye fremu. Nani atajua?

“Mi nilie mutu mwenye iko muzima?” aliniuliza yule mama. “Halafu yeye iko pale pembeni ya picha yake, anakula nyama?”

Nilicheka, na yeye akacheka kidogo. Akaonyesha ukuta kwa kidevu, akasema picha anayoitaka iko pale. Mumewe, alisema, alikuwa anakuja hapa kujaribu rangi na mitindo kabla ya kwenda kuchora kwa vinyozi. Hakuwa na mtu wa kumtazama, kwa hiyo alibeba kipande cha kioo. Vichwa vyote vile ni yeye.

Nilisogea nikaangalia. Nyusi moja ilikuwa imepanda kuliko mwenzake, kama mtu anayetaka kukuuliza jambo. Uso ule niliujua kabla sijajua kusoma. Nilinyolewa chini yake nikiwa mtoto, ngozi ya kichwa ikiwaka kwa spiriti. Kamenge, Kinama, mpaka Carama, kila saluni ilikuwa na bwana yule mwenye nyusi, na mimi miaka yote nilidhani ni mtu maarufu wa nchi za nje. Siku hizi saluni zimetundika mabango ya plastiki yanayochapishwa kwa mashine, na kuta zao zimepakwa rangi upya. Yeye alikuwa amebaki hapa tu, na mawe yalikuwa yameshamfika shingoni.

Nilimwendea msimamizi wa vibarua nikamwomba aiache safu ile hadi nimalize. Akauliza mimi ni nani. Nikamweleza, pamoja na diploma. Vibarua wakaangua kicheko.

“We Diaspora,” alisema msimamizi, “hiyo diploma inabebaka mawe?”

Nilimjibu kwamba mawe haibebi, lakini leo itawaonyesha kitu walichokuwa wanakipa mgongo tangu waanze kazi. Akatazama jua. Akasema atangoja mpaka jua litoke mtoni, kisha anaendelea na mawe yake.

Mama alipita mbele ya vichwa polepole, kama anakagua mstari wa watu waliomsubiri. Alisimama kwenye kimoja chenye njia ya nywele upande wa kushoto. “Ni huyu. Hii njia alikuwa nayo wakati alikuja kwetu kunioa.”

Kichwa hicho ndicho kilichokuwa gizani kuliko vyote. Nilijaribu flashi, uso ukawa bapa na chumvi ikang’aa kote kama mate. Nikaizima. Hapo ndipo kusoma kunapoonekana. Niliomba bati moja kutoka kwenye kibanda chao cha vifaa, nikawasimamisha wanaume wawili majini penye jua, nikawaelekeza walirushe jua ukutani. Mwanga ulikuja, lakini ulikuja kwa mistari, kwa sababu ya migongo ya bati. Basi nikawaambia walitikise taratibu, kama mtu anayepepeta mchele, ili mistari ifutane wakati lenzi iko wazi. Nikatega sikio nisubiri malori yapite.

Daraja lilipotulia niliwapa ishara. Mwanga ukapanda ukutani, ukavuka majina ya wapenzi na Bismillahi, ukamfikia. Ngozi ile ilikuwa na rangi ambazo sikuzitegemea, zambarau chini ya macho, kijani kidogo kwenye taya, na ndani ya kila jicho alikuwa ameweka nukta nyeupe, ile ya kioo chake. Alikuwa anatutazama. Kibarua mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba huyu alikuwa kwenye saluni ya baba yake mdogo kule Kinama. Hakuna aliyecheka tena.

Mama alinyoosha mkono, hakugusa. “Kumbe ulikuwa hapa,” alisema.

Nilipiga mpaka jua lilipotoka mtoni. Msimamizi hakutukumbusha, alingoja tufungashe, kisha akapanda mwenyewe kuweka mawe ya kwanza, akiyapanga kwa mikono badala ya kuyatupa.

Siku ya kuganduka nilialikwa. Picha ilikuwa mezani, kubwa, katikati ya maua, na hata nyufa za ukuta zilionekana usoni mwake. Vinyozi wazee walikuja kutoka Carama na kusimama mbele yake wakinong’onezana. Yule mdogo wa marehemu alikuwa amewekewa kiti karibu na meza, na koti amevaa, lile ambalo angepigwa nalo picha. Aliitazama picha kwa muda mrefu, sahani mapajani.

“Kumbe hatufanane,” alisema.

“Nilikuambia, shemeji,” mama akamjibu.

Akainuka, akachukua kiti chake, akaenda kukaa nyuma pamoja na sisi wengine.