Siku Niliyokimbia Kibanda Changu Mwenyewe

Nitawaeleza mwenyewe, maana najua mmeshaisikia kwa wengine na wengine wanaongeza chumvi, na kusema kweli hata bila chumvi jambo hili linatosha kunifanya nitazame chini. Mpaka leo wapo watu pale Sange ambao wakiniona napita na baiskeli wanaanza kupiga makofi, pa, pa, pa, halafu wanaangua kicheko, na mimi nacheka pamoja nao (nifanyeje?), lakini nikifika nyumbani sina hamu ya kula. Wao wanakicheka kibanda. Mimi kinachoniuma ni mama.

Kibanda chenyewe kilikuwa nyuma ya nyumba, mwisho wa bustani, karibu na mfereji wa maji. Nilikijenga mwaka niliooa, kwa mianzi minene iliyoteremshwa kutoka mlimani, na nyasi juu, na humo niliweka majembe, pompi ya kunyunyizia nyanya dawa, vikapu na mbegu za vitunguu, na baadaye wakahamia panya, mchwa, na nyoka mmoja ambaye mke wangu Esperansi alidai ni wawili. Kilikuwa kimeinama kama mlevi anayetafuta ukuta. Vita vilikuwa vimetulia kidogo (yaani tulikuwa tumelala nyumbani kwetu wiki nne mfululizo), nikawa nimepata mabati na mbao, nikasema kibanda kipya kitakaa palepale, kwa hiyo cha zamani kiondoke.

Sasa kwetu mtu habomoi kitu kimyakimya. Sijamaliza kushusha nyasi za paa, katekista akafika kunikumbusha kwamba jiko la kanisa limeanguka na kwamba nilimwahidi ile mianzi. Hajaondoka, Mama Zawadi akatokea kwenye uzio. Huyu ni jirani yetu, mjane, anauza mihogo, na yeye alihitaji kuni, kwa sababu siku zile mwanamke hakuthubutu kwenda porini kutafuta kuni, alijua watakaomkuta huko. Naye akasema nilimwahidi. Inawezekana niliwaahidi wote wawili, mimi huwa namwambia kila mtu ndiyo ili aondoke. Esperansi akasema wagawane nusu kwa nusu, jambo ambalo lingeisha hapo hapo, lakini mimi nilikuwa nimeshakasirika, naona watu wanakuja kunipangia mali yangu ndani ya uwanja wangu, nikatangaza kwamba hakuna atakayepata hata kijiti, nitakichoma chote. Ndiyo uamuzi wangu huo. Mtu mzima, mwenye watoto.

Mama yangu alikuwa ameketi kwenye mkeka wake, mlangoni pa jiko. Miguu yake ilikuwa imevimba tangu zamani, akitembea ni hatua chache na fimbo. Na hapa lazima niseme jambo. Mara ya mwisho tulipokimbia, nilimpakia mama kwenye baiskeli mpaka mtoni nikamvusha, na tuliporudi katekista alinisimamisha kanisani akasema mtazameni huyu, hivi ndivyo mtoto anavyotakiwa kuwa. Nilizipenda mno zile sifa. Nyumbani ukabaki mpango: bunduki zikilia, Esperansi achukue watoto na furushi, aende bila kugeuka nyuma, mama ni wangu mimi.

Basi mama akanitazama ninavyorundika mianzi, akasema taratibu, "Mutoto wangu, mianzi banaipasuaka kwanza mbele ya kuichoma." Nikamjibu kwamba najua. Na nilijua kweli, nani asiyejua, kila pingili ya mwanzi imefungia hewa ndani na ikipata moto inalipuka, lakini kupasua mianzi yote ile ni kazi ya siku nzima, na hasira yangu haikuwa ya siku nzima.

Nikawasha, moto ukakataa. Mvua ilikuwa imenyesha, nyasi zimelowa, nikapuliza mpaka macho yakatoka machozi, nikamwaga mafuta ya taa kidogo, ukatoa moshi mwembamba ukalala. Nikasema umekufa. Nikachukua baiskeli kwenda sokoni kutafuta misumari ya kibanda kipya, nikiwa na furaha kabisa, napiga na mluzi.

Nilikuwa nimeinama kwa muuzaji, nachagua misumari iliyonyooka kwenye kopo la samaki, niliposikia pa. Kimya. Pa-pa. Halafu pa-pa-pa-pa mfululizo. Nikainua kichwa nikaona moshi mweusi umesimama juu ya mtaa wetu. Soko lote likaondoka. Wanawake waliacha ndagala, dagaa zao, palepale chini, mtu akasema wameingia, mwingine akasema wanachoma nyumba, na muuzaji wa misumari, ambaye nilikuwa bado nimeshika bidhaa yake mkononi, sikumwona tena.

Na mimi? Nilikuwa na baiskeli. Nyumbani ni upande wa milima, kwenye moshi. Mto Ruzizi ni upande wa pili. Nilijua mama yuko kwenye ule mkeka, na nilijua hawezi kufika hata barabarani. Ningependa kuwaambia kwamba nilisimama nikafikiri, hata kidogo, lakini sikufikiri. Niligeuza usukani upande wa mto nikakanyaga. Mianzi haikunijia akilini hata mara moja. Hofu ilifagia kila kitu, ikabakiza miguu tu.

Njiani nikamfikia katekista, anakimbia na kuku kwapani. Akaniona na baiskeli, nyuma hakuna mtu. Akauliza, "Baba Riziki, na mama?"

Hapo ndipo ningeweza kusema nimemwacha. Neno moja. Badala yake mdomo wangu ukafunguka wenyewe ukasema nimetoka nyumbani sasa hivi, nilijaribu, walishazunguka uwanja. "Nimebaona na macho yangu," nikamwambia. "Mama bamemumaliza."

Jamani, habari ya namna hiyo haihitaji baiskeli. Katekista aliwaambia waliokuwa mbele, waliokuwa mbele wakawaambia wengine, na mimi kila aliyeniuliza nilimweleza tena, na kila nikieleza adui wanazidi, mwanzo walikuwa watano, nikafika mtoni ni ishirini. Pale ukingoni mzee mmoja akanishika bega akanieleza kwamba kuna mtu aliyeona kwa macho yake askari mia mbili wakishuka kutoka mlimani, nami nikashtuka, nikaogopa upya, kumbe ananirudishia uongo wangu mwenyewe.

Watu walikuwa wamejaa kwenye matete wanasubiri mitumbwi, na wengine ambao hawakuweza kusubiri wameanza kuingia majini na watoto mabegani, na mto ulikuwa umejaa kwa zile mvua, maji ya rangi ya udongo yanakwenda kwa nguvu. Katikati ya watu hao akatokea Esperansi na watoto wetu watatu na furushi. Alikuwa amefuata mpango. Milio ilimkuta mbele ya nyumba, akaondoka bila kugeuka kuona kinachowaka nyuma, kwa sababu mama ni wangu. Akaangalia baiskeli, akaangalia nyuma yangu. "Mama iko wapi?" akauliza.

Niliinamisha kichwa. Esperansi akaangusha furushi akapiga ukelele, na wanawake wakaupokea, kilio kikaanza pale pale mtoni, mikono vichwani, wanamtaja mama yangu kwa jina, wanataja watoto wa wenzake aliowalea. Mimi nikapewa jiwe la kukalia, nafasi ya mfiwa. Katekista akaweka kuku chini, akaomba, akamwambia Mungu ampe nguvu huyu mtoto aliyepigania mama yake mpaka mwisho. Nililia. Na msifikiri nilikuwa naigiza, nilikuwa nalia kweli, maana nilijua nilichokuwa nimefanya, ila nilikubali nifarijiwe kwa kitu ambacho sikufanya.

Tulikuwa katikati ya ombi nilipoona watu wa nyuma wanaachia njia. Likaja pusu-pusu, ule mkokoteni wa mihogo wa Mama Zawadi, Mama Zawadi mwenyewe anausukuma, uso mweusi kwa masizi, kitenge kimeungua ncha, na juu yake, ameketi kwenye gunia na fimbo yake, ni mama. Alikuwa ananyoosha fimbo kwa wale walioko majini akiwaambia watoke, watoke na watoto, hakuna vita, ni mianzi, ni kibanda kinaungua.

Hadithi yake niliipata baadaye. Mianzi ilipoanza kulia, mama aliwaambia waliokuwa wanapita mbio kwamba ni mianzi tu, hakuna aliyesimama kumsikiliza bibi kizee. Mama Zawadi naye alikuwa anakimbia, lakini alikuwa amemwona Esperansi akipita na watoto bila mama, na mimi hakuniona kabisa, basi akageuka akaingia kwetu. Alikuja kumbeba. Alipoona moto ni wa nini, alichota maji ya mfereji akamwaga mpaka ukazimika, na hapo mama akasema watu watakufa maji kwa ajili ya kibanda, nipeleke mtoni. Amesukuma mkokoteni kwenye tope mwendo wa zaidi ya saa moja, mwanamke ambaye asubuhi ile ile nilimnyima kuni.

Watu wakatoka majini. Mama akawaona wale wanawake wenye mikono kichwani, na Esperansi ameketi kwenye mchanga. Akauliza, "Munalilia nani?"

Aliyemjibu bibi yake ni Riziki, binti yangu mkubwa, aliyekuwa na miaka saba. "Tunakulilia weye, koko. Baba alisema bamekuua, alibaona."

Mama akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Alikuwa anauliza mahali tu, kama mtu anayetaka kujua kweli. "Uliniona fasi gani, mutoto wangu?"

Nilikaa kwenye lile jiwe. Kila mtu alikuwa ananisubiri, hata yule kuku wa katekista alikuwa ametulia. Nikainuka, nikaokota furushi aliloangusha Esperansi, nikalifunga kwenye baiskeli.

Kicheko kilianza tulipokuwa njiani kurudi. Mtu mmoja alifanya pa, mwingine akaitikia pa-pa, na tulipofika barabarani Sange nzima ilikuwa inacheka, maana watu walikuwa hai na walikuwa wamechoka kuogopa. Maharagwe ya watu yalikuwa yameungulia jikoni, na wenye mikono mirefu walikuwa wamepita kwenye nyumba kadhaa. Shefu, yaani chifu wetu, aliniamuru nisimame sokoni niombe msamaha, nikasimama na kofia mkononi, nikaeleza mianzi na mafuta ya taa, watu wakacheka mpaka wakafuta machozi, nami nikawaacha wacheke, kwa sababu walipokuwa wanakicheka kibanda walisahau lile neno nililosema njiani. Esperansi hakusahau. Mianzi iliyobaki, iliyoungua nusu, niliibeba begani nikampelekea Mama Zawadi. Aliipokea, akasema asante, akaiweka pembeni, akaendelea kumenya mihogo, na nilirudi kwangu najisikia vibaya kuliko nilivyokwenda.

Kibanda kipya nilikijenga. Ni kizuri, mbao na mabati, hata nyoka hajakizoea.

Halafu, kabla mpunga haujaiva, vita vikaja vyenyewe. Ilikuwa asubuhi, niko kwenye shamba la mpunga upande wa Mutarule, na safari hii nilijua ni bunduki. Nikaelekea nyumbani. Watu wote wanashuka, mimi peke yangu napanda, wananiambia geuka, mimi siwasikilizi, na nakiri kwamba hata katika hofu ile kuna sehemu yangu ilitaka waone kwamba sigeuki. Nilifika uwanjani napumua kwa shida. Mkeka ulikuwa umekunjwa vizuri umeegemezwa ukutani. Nikaita jikoni, nikaita vyumbani, nikafungua hata kibanda, namwita mama ndani ya majembe. Hayupo. Niliwapata siku ya pili, ng'ambo ya mto, chini ya turubai, Esperansi na watoto upande huu, mama na Mama Zawadi upande ule.

Mama aliniuliza kama nimekula. Nikamwambia nilikwenda nyumbani kumchukua. Nikarudia tena kwa sauti, maana palikuwa na majirani karibu na nilitaka wasikie. "Nilikuja kukutafuta, mama."

"Sikukungojea," akasema. "Tulishapatana na Mama Zawadi, tangu siku ile."

Akasogea kidogo ili nipate pa kukaa.

Nimeapa kwamba sitachoma tena mwanzi, hata mmoja, na kiapo hicho kimekuwa chepesi. Niliapa kingine mbele ya mama, kwamba bunduki zikilia tena nitakuja kwanza kwake, popote nitakapokuwa, akanijibu, "Ndiyo, baba," sauti ile ile anayomjibia Riziki akisema atajifunza kuendesha ndege. Tumekimbia mara mbili nyingine tangu hapo. Mara zote mbili nilikuwepo nyumbani, nimesimama mlangoni na baiskeli, na mara zote mbili mama alipanda pusu-pusu la Mama Zawadi, akanipa masufuria nibebe.