Magauni ya Kwenye Jalada

Juzi nilikuwa Bujumbura kwa daktari wa macho. Kwenye meza ya wanaosubiri kulikuwa na majarida ya Ulaya, yale mazito yanayoteleza mkononi, na jalada la juu lilikuwa na mwanamke mwenye gauni la rangi ya maziwa. Unajua nilifanya nini, mwenzangu? Niligeuza jarida nione mgongo wake! Nyuma kulikuwa na tangazo la saa. Kijana aliyekaa kando yangu akacheka, nami nikacheka, lakini machozi yalikuwa karibu. Tabia hiyo nimeirithi kwa mama yangu.

Mama alikuwa fundi wa kushona pale Kalundu, Uvira, miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Mzungu mmoja wa kampuni ya pamba alikuwa na mke aliyeletewa majarida kwa meli. Mama alimshonea mapazia, na yule bibi akishalichoka jarida anampa mama. Mama hakusoma Kifaransa, wala ya ndani hayakumhusu. Alikata majalada akayabandika ukutani kwa uji wa muhogo, na ukuta ule ndio ukawa duka lake. Wake wa makarani waliingia, wakatazama, wakanyoosha kidole: hili hapa.

Shida ni kwamba jalada linaonyesha mbele tu. Nyuma mama alibuni mwenyewe: vifungo sita na mkanda wa kulegeza, maana alijua wateja wake watazaa na kunenepa. Basi wanawake wote wenye cheo pale mjini walikuwa Ulaya kwa mbele, na kwa nyuma walikuwa Kalundu. Kazi yangu ilikuwa kuokota sindano sakafuni na kupuliza makaa ya pasi. Nje ndagala, wale dagaa wa ziwani, walikuwa wakikauka mchangani, na harufu yao iliingia katika kila gauni, hata uoshe vipi.

Mama aliyasoma majalada yale kuliko waliojua kusoma. Alikuwa akiniita ukutani na kuniambia, "Weye, muangalie huyu. Mikono yake haina kitu. Hana mutoto mugongoni, hana ndoo. Iko naangalia mbali, sababu hakuna kitu anaomba muntu. Ile ndiyo banauzisha. Gauni ni kisingizio tu." Nimeishi miaka mingi, nimesikia wasomi wakieleza mambo ya matajiri na magazeti yao, na bado sijasikia aliyesema vizuri zaidi. Tajiri akitazama jalada anajiona mwenyewe amekaa, ametulia. Asiye tajiri anaona mlango, na anadhani gauni ndilo ufunguo.

Mteja aliyependa mlango huo kuliko wote alikuwa mke wa karani wa teritware, ofisi ya serikali ya wilaya. Mumewe alikuwa amepata ile karata, kitambulisho cha watu waliostaarabika, baada ya wazungu kuja nyumbani kwake kukagua kama wanakula kwa uma. Sisi sote tulimwita Madamu, hata mama mkwe wake alimwita hivyo. Alinipa mkate wenye siagi kila alipokuja, akanifundisha kuhesabu kwa Kifaransa. Nilimpenda, nasema wazi, siku nyingine kuliko mama.

Kwa sherehe za uhuru alichagua gauni la manjano. Mama alimshonea, kisha akamfundisha kulivaa. "Shingo juu, Madamu. Mikono uiache." Akawa anatembea uani kwetu chini ya kamba za nguo, na sisi watoto nyuma yake tukimwiga, tukianguka kwa kicheko. Siku yenyewe alisimama kando ya mumewe bila kushika hata leso, akitazama mbali. Watu waligeuza vichwa. Mama alikuwa pembeni, akinong'ona, "Ona, ona!" Sikumwona tena na furaha kama ile.

Kisha ukaja mwaka wa uasi. Vijana walishika mji, wana mikuki na majani kichwani, wakitafuta kila aliyekula meza moja na wazungu. Ile karata sasa ilikuwa kifo. Karani walimchukua ofisini asubuhi, hakurudi. Mama alijaribu kubandua majalada, uji wa muhogo ukakataa kuachia, basi akayapaka udongo yote. Mimi nililia kwa ajili ya ukuta kuliko nilivyomlilia karani. Nina haya mpaka leo.

Siku ya pili Madamu aliingia kwetu kupitia ua wa nyuma, miguu mitupu. Mama akakata shauri: kesho atembee na wanawake wanaobeba ndagala kwenda Kavimvira, avuke nao mpaka wa Burundi. Tangu mchana mpaka jua kushuka alimfundisha upya. Alimvika kitenge chakavu, akampaka majivu visigino. "Inama, Madamu. Angalia chini. Mikono ishike kitu." Maskini, hakuweza! Shingo ilijinyoosha yenyewe. Mama akaongeza ndagala kwenye kikapu ili uzito umwinamishe. Nami nikaambiwa niende naye hadi Kavimvira kama mwanawe, maana mwanamke mwenye mtoto hashukiwi sana. "Umwite mama," mama alinionya. "Sema: mama." Nilisema mara nyingi, mpaka wote wawili wakacheka.

Kesho yake, kwenye daraja la Mulongwe, kulikuwa na kizuizi cha wale vijana. Kijana mmoja alitazama ndani ya kikapu, akachota ndagala, akasema, "Pita, mama." Tukapita. Tulikuwa tumekwenda kama hatua thelathini hivi, moyo wangu umeanza kutulia, kikapu kikateleza kichwani pake. Ndagala wakamwagika barabarani. Nami nikapiga kelele, "Madamu! Ndagala!"

Wale vijana waligeuka. Wanawake wenzetu waliendelea kutembea, hakuna aliyetazama nyuma, na siwalaumu. Madamu aliniangalia. Nilitafuta hasira usoni pake, haikuwepo. "Rudi nyumbani," aliniambia polepole. "Mama yako iko nakungoja." Kisha akajinyoosha, akawaendea, mikono haina kitu. Nilikimbia. Sikuona yaliyofuata, na sikuwahi kumkuta aliyeyaona.

Mama alikuwa mlangoni. "Amevuka?"

Nikasema, "Amevuka."

Alipiga magoti palepale, akamshukuru Mungu kwa sauti. Ningewezaje kumwambia? Siku chache baadaye mji wote ulitawanyika. Sisi tulipanda milimani hadi Bijombo, na wale wanawake wa ndagala walibaki Burundi. Tuliporudi, nyumba haikuwa na paa, cherehani imeibwa, ukuta wa majalada umeanguka. Wale wake wa makarani na magauni yao, hakuna. Siku hizi wasichana wa Uvira wanachagua nguo kwenye simu, wanaigeuza picha kwa kidole wanaona mbele na nyuma. Hawajui kwamba hapa aliishi mwanamke aliyeushonea mji mzima migongo.

Mama alingoja habari za Madamu. Kila aliyetoka Bujumbura alimuuliza. Miaka ilipokuwa mingi, kungoja kukageuka uchungu. Alimwona kichwani mwake yuko Brisele kwa Wabelgiji, amenenepa, ana watumishi, ametusahau. Katika ugonjwa wake wa mwisho nilikuwa nikimnywesha uji wa mtama, akasukuma kijiko pembeni.

"Nilimupaka majivu na mikono yangu," alisema. "Nilimupa miye mutoto wangu wa kumusindikiza. Alipofika kwa wakubwa, hata salamu moja! Hata moja!"

Chumbani tulikuwa sisi wawili tu. Jibu nilikuwa nalo mdomoni tangu utoto.

"Muntu iko vile, mama," nilimwambia. Akaitikia kwa kichwa, nikachota kijiko kingine.