Nilivyojiangusha Koridoni

Useme utakavyo, barafu kwangu mimi ni kitu cha friji. Kule Bukavu nilikozaliwa tuliitia kwenye glasi siku ya ubatizo au harusi, ikayeyuka, tukaisahau. Hakuna aliyenionya kwamba nitazeekea Ulaya nikiwa nimeketi kwenye benchi la plastiki Jumamosi asubuhi, nimevaa makoti mawili, namtazama binti yangu akikimbia juu ya barafu na visu miguuni.

Shule ndiyo iliyoanza. Darasa lao lilipelekwa siku moja kwenye uwanja wa barafu, na mtoto akanirudia Koekelberg, mtaa wetu hapa Brussels, magoti yamevilia damu na mdomo haufungi kwa kusimulia. Majira mawili ya baridi alijifunza, na kusema kweli alijua. Alipofika miaka kumi na tatu akaniambia anataka kujaribu kuingia timu ya vijana, ile ya wasichana kumi na sita wanaoteleza pamoja kwa muziki, wameshikana mabega, wanageuka wote kwa wakati mmoja, na wanashindana na timu za miji mingine. Nikamuuliza kwa nini asiteleze peke yake kama wale wa kwenye televisheni. Akasema peke yake kuna baridi. Nilicheka, lakini nilimwelewa vizuri sana, maana mwaka wangu wa kwanza katika mji huu nilikuwa peke yangu, na baridi ile naijua.

Siku ya kujaribiwa nikaomba ruhusa kazini. Kocha wao ni mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti inayofika hadi mlango wa nje bila kipaza sauti. Aliwachanganya wageni na wale wa zamani, akawapanga mstari mmoja nyuma ya mwingine, mikono mabegani, akawaambia mambo matatu tu: kichwa juu, tabasamu, msisimame. Muziki ukaanza. Mimi juu kwenye benchi nilikuwa nimekwisha kumwona mwanangu ndani ya timu. Alikuwa anakwenda sawa na wenzake kabisa, hata mguu wa kuinua aliuinua nao.

Halafu msichana mmoja wa nywele nyekundu, wa pale pale kando yake, akaanguka. Akaanguka vibaya, kwa makalio na kiwiko. Na binti yangu akafanya nilichomfundisha tangu alipojua kutembea. Akaachia mabega ya wenzake, akasimama, akainama, akamshika yule mtoto mkono na kumwambia, "Pole. Pole." Nilimsikia kutoka juu. Mstari wa nyuma ukawajia, wawili wakaanguka juu ya wengine, mmoja akageuka ukutani, muziki ukaendelea kupiga wenyewe.

Na mimi? Mimi nilisimama nikapiga makofi. Nilipiga makofi peke yangu katika uwanja mzima. Nilijisemea, sasa wameona huyu ni mtoto wa watu, amelelewa, wasipomchukua huyu watamchukua nani? Wazazi wengine wakanitazama kama wanavyomtazama mtu aliyecheka msibani. Nikakaa polepole.

Majibu yalitoka baada ya nusu saa. Binti yangu amechukuliwa, lakini kama akiba. Atafanya mazoezi na wenzake, na siku ya mashindano, majira ya kuchipua, atakaa benchi, mpaka aache tabia ya kusimama. Akisimama tena mazoezini, abaki benchi mwaka mzima.

Tabia! Nilishuka ngazi zile nikiwa nimeshiba maneno. Nilimwambia yule kocha kwa Kifaransa changu chote kwamba kwetu mtu akianguka mbele yako, hata kama humjui, hata kama ni adui yako, unasema pole na unampa mkono, na anayepita huku anacheka meno nje tunamwita mchawi. Nikamuuliza wanafundisha watoto roho gani. Hakukasirika, na hilo lilinikera zaidi. Aliningoja nimalize, akainua mkono wake akaukunja ngumi.

"Madame, anayeanguka anafanya hivi, anaficha vidole, kisha anainuka mwenyewe. Binti yako akisimama pale, wa nyuma wanamjia na visu. Nitamwambia nini mama wa yule mwingine, kwamba vidole vimekatwa kwa sababu ya upole?"

Nikachukua begi la mtoto, tukaondoka.

Ndani ya tramu nikajibu yale yote niliyopaswa kujibu kule. Nikasema basi, imekwisha, tutatafuta mchezo mwingine, kwaya ya kanisa ina nafasi, kwaya haina visu. Nikasema mwanangu hatafunzwa ukatili kwa saa na kwa ratiba. Yeye alikuwa ameegemea dirisha, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Nilidhani ananiunga mkono. Tulipokaribia kushuka ndipo akasema, kwa Kiswahili chetu cha Bukavu.

"Maman, usinitoe kule. Beko bantu bazuri. Ni miye sijue kumupita muntu iko chini."

Akaanza kulia, kimya, machozi tu. Hakuwa analilia wenzake waliompita mtu, alikuwa anajililia yeye aliyeshindwa. Alitaka ile nafasi mabegani mwa wenzake kuliko kitu chochote nilichowahi kumpa, na mimi nilikuwa tayari kumnyang'anya kwa sababu nimekasirika.

Usiku ule sikulala vizuri. Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee katika nyumba moja kule Jette. Wiki yangu ya kwanza bibi mmoja alianguka bafuni, nikamrukia, nikambeba mikononi, nikamkalisha kitandani, nikajiona shujaa. Mkuu wetu alinigombeza vibaya. Mzee akianguka humwinui hovyo, unaweza ukamvunja ulichotaka kukiokoa. Unapiga magoti kando, unamuuliza, unamwangalia, unaita mwenzako. Sheria ile niliichukia na bado kidogo naichukia, lakini sijawahi kuivunja tena. Kumbe na mimi nalipwa kwa kujizuia mikono. Nilitamani nisingelikumbuka jambo hilo, maana lilikuwa linampa kocha haki.

Kesho yake, baada ya misa na chakula, nikamwambia binti yangu avae soksi. Akauliza za nini. Nikamwambia aje koridoni.

Korido yetu ni ndefu na nyembamba, mlango wa nje huku, dirisha kule, na dirishani unaona kuba la kijani la basilika. Nikamwambia aanzie mlangoni, mikono ameinyoosha kama ameshika watu, kichwa juu, aende hadi dirishani. Mimi nitaanguka. Yeye apite.

"Uanguke vipi, maman?"

Nikaanguka. Mwanamke mzima, mwili wangu huu unaouona, nikajimwaga kwenye zulia. Mtoto akapiga ukelele, akanishika kwapa kuniinua. Nikamwambia rudi mlangoni. Akarudi. Nikaanguka tena, akasimama tena, safari hii kwa kucheka, akakaa sakafuni kando yangu akashika tumbo. Bon, nikasema, tukimaliza kucheka tuendelee.

Wiki zile nilianguka sana. Nilianguka nikiwa nimebeba nguo, nilianguka na kikapu cha viazi, viazi vikakimbilia jikoni. Nilianguka bila kumwambia, natoka chumbani tu, pu! chini. Nililia mgongo, nililia goti, nilimwita kwa jina lake la nyumbani, maana nilijua hapo ndipo pagumu. Na kila mara yule mtoto alisimama, na kila mara mimi pale chini nilimfokea: pita, nimesema pita, mbona husikii? Jirani wa chini, mzee mstaarabu wa hapa hapa, alipanda ngazi siku moja kuuliza kama ndani kuna amani. Nikamwambia ni michezo. Alituangalia wote wawili, akasema tuendelee basi, lakini si wakati wa habari.

Mazoezini hali ilikuwa karibu ile ile. Alikuwa hasimami tena kabisa, lakini alipunguza mwendo na kugeuza kichwa, na kocha aliona. Mashindano yalikuwa yanakaribia. Msichana mmoja wa timu familia yake ilikuwa inahama, nafasi ilikuwa inafunguka, na kulikuwa na akiba mwingine aliyekuwa anapita watu vizuri tu. Nilianza kuogopa kwamba nilimlea mtoto mpaka nikamharibia.

Jioni moja nimerudi kutoka kazini nimechoka, sikuwa na hamu ya kuanguka. Nikalala tu chini, kwa uvivu, ubavu mmoja, na koti langu. Akatoka mlangoni, mikono imenyooka. Nikaona soksi zake zinakuja, zinanifikia, na zinapita. Hazikupunguza mwendo. Na alipokuwa usawa wa kichwa changu nikasikia, kwa sauti ndogo, bila kugeuka:

"Pole, maman."

Akafika dirishani ndipo akageuka. Akaniambia amegundua kwamba kinachomsimamisha si miguu, ni lile neno. Lisipotoka, miguu inakataa kwenda. Sasa analitoa njiani.

Nilibaki pale chini. Nilifurahi, na nililia, yote mawili, siwezi kukudanganya. Ni vigumu kueleza mtu ambaye hajalala sakafuni akapitwa na mwanaye wa kumzaa aliyeinua kidevu. Nimekufundisha mwenyewe, nikawaza, na umejua.

Jumamosi ile msichana wa mbele yake alianguka kwenye mazoezi, na binti yangu akapita, sawa na mstari. Mwisho wa mazoezi kocha akamletea vazi la mashindano, la buluu, limefungwa kwenye plastiki, akaniangalia mimi juu kwenye benchi na kuinamisha kichwa. Na mimi nikainamisha changu. Hatujawahi kuwa marafiki, lakini tangu siku ile tunasalimiana vizuri.

Mashindano yakafanyika hapa hapa Brussels, kwenye uwanja ule ule, wageni wakaja na mabasi. Nilikaa mbele. Walipotoka wote kumi na sita, nywele zimebanwa, buluu tupu, nilimtafuta wangu na kwa muda kidogo sikumpata, na nilijua hiyo ni dalili nzuri. Duara likafanyika vizuri. Mistari miwili ikapenyana vizuri. Nikaanza kupumua.

Katika mstari mrefu wa mwisho, ule wanaovuka nao uwanja wote wameshikana, akaanguka mmoja. Alikuwa wangu.

Nilisimama. Nilisema "Pole!" kwa sauti ambayo nadhani hata wageni waliielewa. Nikamwona amekunja ngumi, vidole ndani. Na wenzake wakapita. Wakapita kichwa juu, tabasamu kamili, hakuna aliyegeuka, hata yule wa nywele nyekundu ambaye mwanangu aliinama kumwinua siku ile. Niliwachukia. Nasema ukweli, kwa dakika ile niliwachukia wote kumi na watano na mama zao, na miguu yangu ilitaka kushuka kwenye barafu na viatu vyangu vya misa.

Halafu nikaona kitu. Wale wawili waliokuwa wamemshika, mmoja kulia na mmoja kushoto, hawakusogeleana. Mstari ulikuwa unakwenda na shimo katikati, la upana wa mtu mmoja, na kila upande wa shimo kulikuwa na mkono umenyooshwa, umefunguka, haujashika kitu. Walizunguka kona hivyo hivyo. Mwanangu aliinuka, akakata uwanja kwa kasi, barafu kwenye goti lake, akaingia pale pale, na mikono ile miwili ikamfunga. Wakamaliza wote kumi na sita kwa pamoja.

Hawakushinda. Walikuwa karibu na mwisho, na nafikiri kwa sababu ya lile goti. Kocha aliwakumbatia mmoja mmoja, alipofika kwa wangu alimshika kichwa kwa mikono miwili akasema neno ambalo sikulisikia.

Tukarudi kwa tramu, mtoto bado ana rangi ya buluu ya mashindano kwenye kope. Nilijipanga kumfariji. Nilikuwa na maneno tayari, na chokoleti kwenye mkoba. Yeye akanigeukia akaniuliza kama nilisikia. Nikamwambia nilisikia muziki, kingine kipi?

"Walisema pole, maman. Bote. Kila mumoja akinipita."

Nikamwuliza nani aliwafundisha. Akashangaa kwamba nauliza. Siku ile ya kwanza yule wa nywele nyekundu alimwuliza neno lile ni la nini, akamweleza, na wenzake wakalipenda, wakalichukua. Wanalisema vibaya, akasema, wanavuta mwisho wake Kifaransa, lakini wanalisema. Kila mtu akianguka. Bila kugeuka.

Niliangalia nje. Tulikuwa tunapita Laeken, na sikumbuki nilichokiona. Kisha nikamwuliza kama mama yeyote wa kwetu angeuliza, kwa sababu pole haiachwi hivi hivi, ina jibu lake.

"Na wewe? Uliwajibu?"

"Ndiyo, maman," akasema, anafungua chokoleti. "Nilisema aksanti wakati walinishika."