Filamu ya Nyumba Inayopumua

Leo mchana nimeangalia filamu ya kipuuzi kuliko zote nilizowahi kuona.

Nilimpeleka shangazi yangu wa kijijini Bugwema kwenye banda la video hapa Nyasho, apumzike baada ya kliniki.

Sasa filamu gani hii? Mwanamke yuko peke yake ndani. Kuta zinapumua. Sahani zina macho. Akifungua kabati anakuta ziwa. Saa nzima hivyo, hata jambazi mmoja hakuna.

Watu wakaanza kuzomea. Nami nikapaza sauti: “Aliyetunga hii alikunywa gongo gani?”

Banda zima likacheka. Nikajiona mjanja.

Nikamgeukia shangazi nione anavyocheka. Hakuwa anacheka. Alikuwa ananiangalia mimi.

“Nilipofiwa na mwanangu, nyumba yangu ilikuwaga hivyo,” akasema polepole. “Niliwaambia. Mkacheka hivihivi.”

Ni kweli. Nilikuwepo, na nilicheka.

Nikamwambia, “Shangazi, twende nyumbani.”

“Kaa. Nataka nione kama huyu mwanamke anatoka.”

Watu wakaondoka mmoja mmoja wakiisonya filamu. Tukabaki wawili kwenye benchi.

Filamu bado naiona mbovu. Ila kwa shangazi, nyie mngesema nini?